Saga Nguruwe Wako, Lakini Useme

Iko siku moja ya Ramadhani imenikaa kichwani, mwanangu, na haitoki. Nimezaa, nimezika, nimehama nyumba, macho yamepungua mwanga, mambo chungu nzima yamenipotea. Siku ile haijapotea. Nikisikia mashine ya kusagia nyama inazunguka popote pale, mashavu yananiwaka kama nimeinamia jiko la mkaa. Watu husema ukizeeka aibu zinaisha. Waongo hao. Hawajawahi kuzeeka.

Juzi mjukuu wangu Neema kanipigia simu kutoka kwake Mabawa, furaha imemjaa. "Bibi, nimenunua mashine ya umeme! Sasa nguruwe wangu nasaga mwenyewe, hapa hapa nyumbani." Nikamwambia vizuri, mama. Na kweli ni vizuri. Hapa Tanga utakwenda kusagiwa nguruwe wapi? Bucha zenye mashine ni za Waislamu, ukiingia na mfuko wako wa nguruwe watakutoa nje, na haki wanayo. Wale wanaochoma kwenye mabanda yao wana panga na gogo, hawana mashine. Kwa hiyo anayetaka nguruwe wa kusaga, asage mwenyewe. Nikamuuliza, "Na jirani yako wa ukutani nani?" Akacheka. "Bibi nawe! Jirani na mashine wapi na wapi?" Jibu lake halitoshi kwenye simu. Ndiyo nikaona niandike, asome yeye na wenzake wote wenye majiko mapya na vyombo vipya na hawajui jirani ana nini na mashine yao.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Shule niliishia darasa la nne, lakini kupika nimefika mwisho, aseme yeyote aliyekula kwangu. Baba yangu alikuwa fundi katika kiwanda cha shamba la mkonge, mtu wa vyuma, kila kitu cha chuma alikiona kizuri. Nilipoolewa, wenzangu walipewa magodoro na masufuria. Mimi baba alinipa mashine ya kusagia nyama, ile ya kubana kwenye ukingo wa meza, ina domo juu la kutia nyama na mkono wa kuzungusha. Aliinunua kwenye duka la Mhindi, Ngamiani, ikiwa bado ina mafuta ya dukani. Shangazi zangu walicheka: bibi arusi na chuma! Lakini nilipofika mjini Mabawa na mume wangu, aliyekuwa anafanya kazi bandarini, nikakuta mtaa mzima hakuna mwenye mashine ya namna ile. Wanawake walikuwa wanakatakata nyama kwa kisu mpaka vidole vinawauma. Basi nikaringa. Nikaiweka mezani karibu na mlango ili anayepita aione, na niliisugua hata siku ambazo sikuitumia.

Jirani yangu alikuwa Mama Salma, Mdigo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kwake na kwangu tulitengwa na ua wa makuti, basi. Akitwanga kitunguu saumu, harufu inaingia kwangu bila hodi. Alinipokea kama mdogo wake. Alinionyesha bomba lenye maji mapema, muuza samaki asiyeiba mizani, na namna ya kumnyamazisha mwenye nyumba. Mtoto wangu wa kwanza, Eliza, Mama Salma ndiye aliyemkanda tumbo nilipokuwa sijui hata kumshika.

Sasa nisikilize hapa. Kwetu nguruwe ni chakula. Baba mkwe wangu alifuga, baba yangu alikula, mimi nimekua nikilamba mafuta yake vidoleni. Lakini mjini nilianza kuona haya. Siku moja bombani nilisikia wanawake wakiwasema watu wa mashamba ya mkonge, kwamba wala nguruwe wale ukipita milangoni kwao ushike pua. Hawakunijua kuwa ni wa huko. Nami nikashika ndoo yangu nikacheka pamoja nao. Nilicheka, mwanangu. Nilimcheka mama yangu na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo Mama Salma alipokuja mara ya kwanza kuazima mashine, akasimama mlangoni anazungukazunguka, nilishajua anatafuta nini.

"Shoga, usinione vibaya. Hii haijapita kile kitu?"

"Kitu gani?" Mimi huyo, najifanya sijui.

"Yule mnyama bwana. Usinitajishe."

"Toba! Mashine mpya hii, haijapita. Na mimi mwenyewe sili."

La mashine lilikuwa kweli. La mimi lilikuwa uwongo. Niliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na Mama Salma akayapokea yote mawili. Akachukua mashine. Jioni akairudisha imeoshwa, na juu yake sahani ya sambusa imefunikwa kawa. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, ndivyo walivyonifundisha watu wa pwani, na ni mafundisho mazuri. Tangu siku hiyo mashine ikawa inavuka ua kila mara. Arusi, hitima, Idi, ni mashine ya Mama Eliza. Mimi nami nikawa mtu mtaani.

Nguruwe nilikuwa nikimla nikienda Muheza tu. Nyumbani kwangu mjini hakuingia, mpaka alipokuja baba mkwe.

Alikuja siku moja ya Ramadhani na kikapu kimefunikwa mihogo. Chini ya mihogo, ndani ya majani ya mgomba, kulikuwa na bega la nguruwe. Nilipofunua nikafunika upesi kama nimeona nyoka. Mzee akanitazama. Alikuwa mtu mpole, mrefu, na meno yalikuwa yamemwisha kabisa, akisema maneno yanatoka na upepo.

"Shikamoo baba," nikamwambia tena, ingawa nilishamwamkia.

"Marahaba tena. Mwanangu, nguruwe huyu nimemlea kwa mkono wangu tangu akiwa kama paka. Nimemchinja, na meno ya kumla sina. Nikasema, mkamwana wangu ana mashine."

Ungemwambia nini mzee kama huyo? Asubuhi yake nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikasaga.

Na niliisaga vizuri, nikwambie kabisa, maana hata kwenye aibu nisipunjwe sifa yangu. Nyama ya nguruwe haitaki joto, na Tanga yetu hii ina joto la kuyeyusha mafuta mkononi. Barafu sikuwa nayo. Mashine niliifungua vipande vyote nikavilaza kwenye beseni la maji ya mtungi mpaka vikapoa. Nyama nikaikata vipande vyembamba virefu, nikatoa mishipa yote, kwa sababu mshipa huo hujizonga kwenye kisu cha ndani ya mashine na hapo nyama haikatwi tena, inakamuliwa tu, inatoka kama uji. Mafuta sikuyatoa yote, nguruwe wa kusaga bila mafuta ni kama kutafuna kamba. Nikatia kidogo kidogo, sikusukuma. Ikatoka nyuzi nyuzi, nyekundu na nyeupe, inapendeza. Nikatia kitunguu, pilipili manga, ndimu, nikafanya madonge, nikayapika mpaka katikati hakuna wekundu hata kidogo, maana nguruwe mbichi ana minyoo na asikudanganye mtu. Mzee alikula akafumba macho. Akasema, "Leo nimekula kama kijana." Nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu.

Halafu nikaosha mashine. Maji ya moto, sabuni, majivu, brashi. Nikaosha mpaka vidole vikakunjamana. Sikuiosha vile kwa ajili ya usafi, mwanangu. Niliiosha vile mtu anavyofuta nyayo zake. Nikaiweka mahali pake mezani, ikakauka, ikang'aa.

Kesho yake, jua halijapanda sana, nikasikia sauti juu ya ua.

"Mama Eliza! We Mama Eliza! Umeamka au walala mpaka sisi tufuturu?"

"Niko macho, dada."

"Leo leo ndiyo leo. Watu wa Pangani wanakuja kufuturu, wale wanaomtaka Salma. Mama yake kijana ana mdomo kama wembe, kila nyumba anayoingia anatoka na la kusema. Nataka nimjazie sambusa huo mdomo asipate nafasi. Nyama nimeletewa nono. Nipe mashine."

Nilitaka kusema imevunjika. Lakini Mama Salma hakuwa mtu wa kusubiri kwenye ua, alishazunguka, yumo mlangoni, macho yake mezani.

"Hiyooo! Tazama inavyomeremeta. Umeisugua kabisa, mdogo wangu, kama ulijua nakuja."

Hapo, mwanangu. Hapo hapo ndipo palipokuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kumwambia, dada, jana nimesagia nguruwe. Neno moja. Angeshika kifua, angesema astaghafirullah, labda angeninunia mpaka Idi. Lakini nikaona ule uso wake unaofurahi. Nikakumbuka niliyoyasema mwanzoni, kwamba sili. Nikaona nikifungua mdomo nitaonekana mwongo, na pia mla nguruwe, na kile kicheko cha bombani kitanigeukia mimi. Nikamwambia, "Chukua tu, dada." Hata nikamsaidia kulegeza ile parafujo ya kubana mezani. Mkono wangu mwenyewe.

Akatoka anaimba.

Nikajiambia nimeiosha. Nikajiambia chuma hakinywi kitu. Nikajiambia kile usichokijua hakikudhuru, na hiyo ni hesabu anayoipiga kila mtu anayemlisha mwenzake jambo baya. Nikachukua ufagio nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Na huko ng'ambo ya ua mashine ikaanza. Ilikuwa na mlio wake, ikizunguka inalia kwi, kwi, kama kifaranga kilichoachwa. Nikaingia ndani, nikaisikia. Nikaenda chooni, nikaisikia. Ilinyamaza adhuhuri, na kule kunyamaza kukaniumiza zaidi, kwa sababu nilijua nyama imekwisha kusagwa yote.

Alasiri baba mkwe akatoka chumbani alikojipumzisha. Akakaa kwenye kigoda, akatazama meza.

"Mashine iko wapi?"

"Ameazima jirani, baba."

"Jirani huyu mwenye kufunga?"

"Huyo."

"Ulimwambia?"

"Niliiosha sana, baba. Kwa maji ya moto na majivu."

"Sikukuuliza kama uliiosha."

Nikainama. Mzee akaanza kupapasa ukutani. "Nipe fimbo yangu. Nguruwe nimemleta mimi, na aliyemla ni mimi. Nitakwenda kusema mimi."

"Baba, kaa, tafadhali."

"Nikae nifanye nini? Nisubiri wafuturu?"

Akainuka kweli. Nikamwona kwa akili yangu mzee yule amesimama katikati ya wanawake wasiomjua, hana meno, anatafuta maneno ya kuniombea radhi mimi, mwanamke mzima mwenye miguu yake. Nikamshika bega nikamketisha. Nikajifunga kanga nikaenda. Usiseme Bibi alikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine tayari kuchukua aibu yangu, na hiyo sikuweza.

Ua wa Mama Salma ulikuwa umejaa. Mashoga zake na dada zake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wanakunja sambusa, manda ya kukunjia yamefunikwa kitambaa kibichi. Sufuria kubwa ya nyama ilikuwa imeshapikwa na viungo, nusu iko ndani ya manda, nusu bado. Pembeni alikaa Bi Mgeni, mama yake Mama Salma, mwanamke mkongwe mdogo kama mtoto, anapiga unga wa kaimati kwa mkono. Mama Salma mwenyewe alikuwa amesimama kwenye sufuria. Alikuwa amejidondoshea kidogo kwenye ncha ya ulimi kuonja chumvi, kama wanavyofanya wapishi wakiwa na saumu, akatema pembeni.

"Chumvi sawa!" akasema. Kisha akaniona. "Haa, mwenye mashine kaja. Karibu, mama."

Dada yake mmoja akadakia, "Kaja kutunusisha alichokula mchana huyo. Kaa mbali, mwenzetu, sisi tuna njaa!"

Wakacheka wote. Nikasema, "Simameni kwanza. Msikunje."

"Kwani manda yamekatika?"

"Mashine hiyo jana nilisagia nguruwe."

Yule dada akacheka tena, peke yake. "Mama Eliza, utani mwingine si wa mwezi huu."

"Si utani."

Mikono yote ikaondoka kwenye sinia kwa pamoja, kama kuna aliyemwaga makaa. Mmoja akajipangusa vidole kwenye mkeka, akaona amechafua mkeka, akaanza kulia. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mama Salma. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji, akasukutua, akatema, akachota tena. Halafu akashika pindo la kanga yake akaanza kusugua ulimi. Akausugua, akausugua, macho yanamtoka machozi, hanitazami. Hicho ndicho ninachokiona, mwanangu. Matusi mengine niliyopata siku ile nimeyasahau. Sijasahau mwanamke aliyenipokea mjini, aliyemkanda mwanangu tumbo, anausugua ulimi wake kwa sababu yangu.

Alipomaliza akaniuliza polepole, "Si uliniambia huli?"

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Nakula. Tangu mtoto nakula."

"Na asubuhi nilipokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Yule dada akalipuka, "Ndivyo walivyo hawa! Nilisema mimi—"

"Funga mdomo wako, una saumu," Bi Mgeni akamkata. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini wote walimgeukia. Akatoa mkono kwenye unga, akaukung'uta. Akamwita kwanza binti yake. "Mama Salma, njoo ukae. Hukujua, na asiyejua Mungu hamwandikii. Acha ulimi wako." Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu, sogea."

Nikasogea, nikapiga magoti mbele yake.

"Kula kwako nguruwe kuna nini na mimi? Dini yako, tumbo lako. Nimeishi na watu wa mashamba tangu msichana, najua mnachokula, harufu ya mchuzi wenu naijua hata ukifunga mlango. Jana niliisikia."

Nikahisi nimevuliwa nguo.

"Nikasema, leo kwa Mama Eliza kuna mgeni, wanakula vizuri. Basi. Sikujua mashine imeingia humo, maana wewe ulituambia haijapita kitu hicho. Sasa nikuulize. Asubuhi ungesema, unafikiri tungefanya nini?"

"Mngekasirika, bibi."

"Tungechota udongo." Akamwashiria yule dada. "Leteni hiyo mashine. Leteni ndoo. Na huyu ndiye achote udongo, mahali safi, palipopigwa na jua."

Nikaenda nikachota udongo kwa mikono yangu nyuma ya nyumba. Wakanifanya nisimame nitazame. Wakavifungua vile vipande vya mashine, wakavimwagia maji na ule udongo, wakasugua, kisha wakasuuza kwa maji masafi, tena na tena, mpaka mara ya saba. Walifanya bila hasira, kama wanafanya kazi ya kila siku. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Mashine ikawekwa juani, safi, hata Bi Mgeni akaigusa kwa mkono wake.

"Umeona?" akaniambia. "Ni hivyo tu. Dini imetupa namna ya kuosha chuma, na namna ya kuosha sufuria. Namna ya kuosha nyama iliyopikwa haikutupa. Asubuhi ungetukosesha ndoo za maji. Sasa umetukosesha futari ya wageni, na binti yangu umemtia kitu kinywani. Yote hiyo kwa sababu uliona haya ya chakula cha kwenu. Sisi hatukukuonea haya wewe. Wewe mwenyewe ndiye ulijionea."

Hata kulia nilishindwa, maana ningemlilia nani?

Nikaomba nichimbe shimo mwenyewe. Nikachimba, nikamwaga sufuria nzima ya nyama ile nono, na sambusa zilizokunjwa, moja moja nzuri kama zimekatwa na mkasi. Jua linashuka. Wanawake wakaanza mbio nyingine, huyu anakuna nazi ya mihogo, huyu anakaanga tambi, mmoja katumwa kutafuta samaki na hapakuwa na samaki saa ile. Nilitaka kusaidia. Hakuna aliyenifukuza, ila kila nilichotaka kukishika mtu alikiwahi.

Nikarudi kwangu. Magharibi nikasikia adhana, nikasikia wageni wanakaribishwa. Halafu nikaisikia sauti ya mwanamke wa Pangani, kweli kama wembe: "Jamani, Tanga mwaka huu hamna nyama? Au mmetufanyia ya wagonjwa?" Watu wakacheka kicheko cha kulazimisha. Na nikamsikia Bi Mgeni, na sauti yake ile ndogo, "Nyama ilituharibikia, mama. Joto hili. Mtusamehe."

Hakunitaja. Alikuwa na haki ya kunitaja na hakunitaja. Nilikaa gizani mbele ya baba mkwe, sote wawili tunasikiliza, na mzee alinyoosha mkono akanishika kichwa kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

Salma aliolewa, ndiyo. Lakini yule mama mkwe wake alilihifadhi neno lile la futari isiyo na nyama, akawa analitoa kila palipokuwa na watu, na Mama Salma analimeza. Kila alipolimeza lilikuwa langu.

Na mimi na Mama Salma? Hakunichukia, usidhani. Tuliamkiana ua kwa ua miaka yote niliyokaa pale. Alikuja kwenye msiba wa mume wangu, akalala chini pamoja nami. Lakini tangu siku ile hakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nikimpelekea mkate, "Nimeshiba, mdogo wangu." Nikimpelekea chai, "Nimetoka kunywa sasa hivi." Niliponunua sufuria mpya za kupikia wageni Waislamu, nikamwonyesha zikiwa bado na karatasi, akasema, "Mungu azibariki," na hakula. Kitu kimoja tu alikipokea, machungwa niliyomletea nikitoka Muheza. Alilishika chungwa, akaligeuza, akaona ganda lake zima halijaguswa kisu, ndipo akashukuru akala mbele yangu. Nilikuwa nakaa pale namtazama anamenya, mwanangu, nashukuru na naungua. Alifariki hivyo. Kwake nilikuwa jirani mwema wa kupokewa vitu vyenye ganda.

Sasa Neema, na nyinyi wenzake, nisikilizeni.

Sageni nguruwe wenu. Mashine muwe nazo, tena za umeme, msijivunje mikono kama sisi. Ipozeni kabla ya kusagia, hata vyuma vyake viwekeni kwenye friji. Toeni mishipa, acheni mafuta kiasi, pikeni mpaka ndani paive. Mashine ya nguruwe iwe ya nguruwe, kisu chake na ubao wake. Na mashine hiyo ikikaa mezani, mtu akija akaisifu, mwambieni kabla hajaigusa: hii nasagia nguruwe. Msimngoje aulize. Anayeuliza tayari ana wasiwasi, na anayeona haya ya kuuliza ndiye mtakayemlisha.

Msikionee haya chakula cha wazazi wenu. Anayeficha sahani yake leo, kesho atamdanganya mtu juu ya sahani ya huyo mtu, na hapo haya yake imekuwa dhuluma. Na ukishakosea, usiseme niliosha. Sema mapema. Sema wakati bado kuna ndoo ya maji ya kutosha kulisafisha jambo, maana kuna saa inafika hakuna maji ya kutosha mjini kote. Ukweli utakuaibisha kwa kitambo cha chai. Uwongo mimi umeniaibisha mpaka nimekuwa bibi, na bado haujachoka.

Mungu awape majiko yenye moto na vyungu visivyofichwa. Awape wakwe wapole na wazee wa kuwakemea mngali na muda wa kutengeneza. Awape majirani wa dini zote watakaoingia kwenu bila kunusa, wakaketi, wakanyoosha mkono kwenye sahani zenu bila kuuliza kitu. Amina, wanangu, na tena amina.